Mtaji Huliwa Usiku

Katika wanafunzi wenzangu waliouza vitu ili wapate kula, walioendelea ni wale ambao tayari walikuwa na mahali pa kula. Nimelifikiria jambo hili tangu nilipomaliza chuo, na kila ninapowapitia tena rafiki zangu mmoja mmoja jawabu ni lile lile. Yule aliyeuza mitumba hadi akafungua kibanda Kondele mjini Kisumu alikuwa akikaa kwa shangazi yake, na kwa shangazi ugali haukukosekana. Yule mwenye mashine ya kunyoa alitumiwa mahindi na maharagwe kutoka Kitale kila muhula ulipofunguliwa. Na yule aliyekuwa na akili ya biashara kuwashinda hao wawili, binti wa Busia aliyeuza mayai, hakumaliza hata mwaka na biashara yake. Aliila.

Nasema haya kwa sababu kila baada ya muda hutokea habari ya mwanafunzi anayeuza smoki, zile soseji za mitaani, au njugu nje ya geti la chuo na kujilipia karo. Picha inasambazwa, na watu wazima wanaandika chini yake kwamba vijana waache kulialia, waige mfano huo. Mwanafunzi huyo namheshimu, na habari yake huwa ya kweli. Ninachokipinga ni somo linalochotwa humo: kwamba biashara ndiyo dawa ya njaa, na kwamba mwenye njaa asiyeuza kitu ni mvivu. Nimeishi na wenye njaa waliouza. Nilikuwa mmoja wao. Kwa niliyoyaona, chakula ndicho kinachozaa biashara, na yule tunayemshauri aanzie upande wa pili tunamtuma akapoteze hata kile kidogo alichonacho.

Niieleze biashara ya mayai vizuri, maana watu huiona ndogo wakaipita.

Upande wetu huu wa magharibi mwa Kenya mayai mengi hutoka Uganda, yanavuka mpaka Busia na kusambaa hadi Kakamega na Kisumu. Yakija kwa wingi, bei ya trei hushuka. Mpakani pakiwa na shida, hupanda. Yule binti alikuwa na mjomba anayefanya kazi karibu na mpaka, kwa hiyo alijua bei itakavyokuwa kabla ya wenye maduka. Kwa bei za wakati ule, trei ya mayai thelathini aliinunua kwa shilingi 360. Nyanya, vitunguu, dhania, pilipili na chumvi zilimgharimu 60. Hosteli ilikataza koili, yale majiko madogo ya umeme ya waya unaowaka mpaka ukawa mwekundu, kwa hiyo alimlipa mama mmoja mwenye kibanda nje ya geti shilingi 30 amchemshie. Jumla 450. Giza likiingia alipita mlango kwa mlango na ndoo nyeupe ya rangi iliyooshwa ikatakata, mayai yamefunikwa leso ili yasipoe, na kopo la majarini lenye kachumbari. Ukimwita anachuchumaa mlangoni pako, analimenya yai kwa vidole vitatu, analipasua katikati bila kulitenganisha, analijaza kachumbari kwa kijiko cha chai, ananyunyiza chumvi, anakukabidhi juu ya kipande cha karatasi ya somo lililokwisha kufanyiwa mtihani. Shilingi 20.

Mayai thelathini kwa ishirini ni 600. Ukitoa 450 inabaki faida ya 150 kwa usiku mmoja. Hiyo ndiyo hesabu inayoandikwa ubaoni kwenye semina za ujasiriamali, na ni sahihi. Sasa muingize muuzaji mwenyewe ndani ya hesabu. Hajala chochote tangu chai ya asubuhi. Saa tatu usiku, ameshika ndoo ya chakula cha moto, anakula mayai matatu. Hiyo ni 60 isiyoingia. Mayai mawili yalipasuka njiani yakiletwa na bodaboda, 40. Matatu yamechukuliwa na watu wa chumba cha mwisho ambao hawana kitu, wamesema watalipa, 60. Mkononi ana shilingi 440. Ili kesho aamke na biashara ile ile anahitaji 450.

Usiku huo hakuna aliyemwibia, mvua haikunyesha, wala hakuna yai lililooza. Ulikuwa usiku mzuri, na bado umemwacha nyuma kwa shilingi kumi. Piga usiku kama huo mara wiki tatu uone trei ya kununua itatoka wapi. Na usimwambie kwamba kosa lake ni kula bidhaa. Msichana wa miaka ishirini aliyeshinda na njaa mchana kutwa hawezi kubeba mayai ya moto jengo zima asile, na mimi sitamwomba mtu awe na moyo wa namna hiyo. Ni sawa na nyumba iliyokula mahindi ya mbegu mwezi wa Februari: kila mtu anajua Machi inakuja, lakini watoto wanalia leo.

Madeni nayo ni sura yake peke yake. Chuo kizima huishi kwa maneno mawili, "HELB ikiingia." HELB ni bodi ya mikopo ya wanafunzi. HELB ikiingia nitakulipa mayai. HELB ikiingia nitakurudishia ile mia mbili. Wenye vibanda wanayajua maneno hayo, na ukimwambia mama muuza sukuma, "Mama, niandikie," hakuulizi zaidi, anavuta daftari kutoka chini ya meza, anakuambia, "Mwanangu, hii sasa ni ya ngapi?" huku tayari anaandika. Nina deni la shukrani kwa mama hao ambalo sijui nitalilipaje. Yule binti wa mayai naye alikuwa na daftari lake. Nililiona siku moja limefunguka kitandani. Hakuandika majina ya watu. Aliandika namba za vyumba, "B12, mayai 2," ili hata likiokotwa mtu asiaibike. Alikuwa na njaa na bado alikumbuka kuwasitiri wadeni wake.

Kisha simu ikaingia kati. Tangu Fuliza ianze mwaka 2019, M-Pesa yako ikiisha unaweza kuendelea kulipa kwa mkopo, na pesa yoyote ikiingia baadaye hukatwa deni kwanza. Kwa mwenye mshahara hilo ni jambo dogo. Kwa muuza mayai ni balaa, kwa sababu wateja wake wanalipa kwa simu. Mteja anatuma 40, simu inalia, ujumbe unasema umepokea 40, na mstari wa chini unasema imekatwa kulipia Fuliza. Mayai yamekwenda na pesa imekwenda. Nimewaona wanafunzi wakimwambia mteja, "Nipe keshi tafadhali, hata kama ni sarafu," na mteja anafikiri anataka kuhepa kitu fulani. Ile Hustler Fund, mfuko wa mikopo wa serikali uliozinduliwa Novemba 2022, ina riba nafuu kuliko mikopo mingi ya simu, asilimia nane kwa mwaka, lakini muda wake ni siku kumi na nne. Wengi walianzia shilingi mia tano tu. Nipe mia tano nikiwa na njaa na uidai baada ya wiki mbili, na mimi nitakuambia kwa uaminifu zilikokwenda: zilikwenda kwenye unga.

Baba yangu mdogo alisoma chuo kikuu miaka ya 1980, na akianza kusimulia huwezi kumkatiza. Anasimulia ukumbi wa chakula ambapo mwanafunzi alipanga foleni na sahani bila kutoa senti, anasimulia maziwa, nyama, mayai ya asubuhi, na pesa za matumizi walizoziita boom. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mambo yakabadilika. Serikali ikaingiza mpango wa kuchangia gharama, karo ikaanza kulipwa, na ukumbini ukawa unalipia kila unachokula. Mwaka 1995 sheria ya Bunge ikaunda HELB kusimamia mikopo ya wanafunzi. Najua wakati wa baba mdogo vyuo vikuu vilikuwa vichache mno na walioingia walikuwa wachache pia, na nchi haiwezi kuurudisha ukumbi ule kama ulivyokuwa. Lakini ninapomsikiliza kuna jambo moja hunichoma. Katika hadithi zake zote, za migomo na mitihani na wachumba na safari za likizo, sijawahi kusikia hadithi ya biashara. Wale wanafunzi hawakuuza chochote. Walisoma, wakala, wakalala. Leo ndio wanaotuandikia kwamba tuige mfano wa muuza smoki.

Mdogo wangu sasa anasoma Kakamega, amepanga chumba upande wa Lurambi. Yeye ameingia chini ya mpango wa ufadhili uliotangazwa Mei 2023, ambao huwagawa wanafunzi katika makundi matano kulingana na uwezo wa familia: sehemu ya gharama ni ufadhili, sehemu ni mkopo, sehemu ni ya nyumbani. Desemba 2024 Mahakama Kuu ilisema mpango huo unakiuka Katiba, serikali ikakata rufaa, na wanafunzi wakabaki katikati wakisubiri. Sheria waachiwe mawakili. Mimi nataka tuangalie sahani. Kwenye mpango huo pesa za kujikimu ni kati ya shilingi 40,000 na 60,000 kwa mwaka, na aliye maskini zaidi hupata zaidi. Chukua huyo wa 60,000. Muhula mmoja ni 30,000. Kodi ya chumba, tuseme 3,000 kwa mwezi, na hicho ni chumba cha mabati chenye choo cha nje, kwa miezi minne ni 12,000. Zimebaki 18,000. Zigawe kwa siku mia na ishirini: shilingi 150 kwa siku. Humo atoe chakula, nauli, sabuni, fotokopi, bando, na kama ni msichana, pedi. Wa kundi la juu, ambaye karatasi zinasema baba yake ana uwezo, anabakiwa na shilingi 66 kwa siku hata kama baba huyo aliachishwa kazi mwaka jana na karatasi hazijui.

Na hapo nimedhani pesa zimeingia siku ya kufungua. Haziingii siku ya kufungua. Wiki zinapita na mwenye nyumba hapitwi na tarehe. Ndiyo maana pesa zikiingia hatimaye, nusu yake tayari ina wenyewe: mwenye nyumba, mama wa sukuma, rafiki wa mia mbili, simu. Kinachobaki ndicho mwanafunzi hukiita mtaji, na wakati anakishika mkononi tayari amekaa na njaa mwezi mzima. Sioni ajabu kwamba kinaliwa. Ajabu ni kwamba wapo wanaokwenda nacho sokoni.

Na wanakwenda. Jumapili asubuhi na mapema, panda matatu ushuke Kibuye, Kisumu, utawaona. Soko linafurika siku hiyo, na kwenye mitumba pana mpangilio ambao mgeni haujui. Belo likifunguliwa, wenye maduka wanaondoka kwanza na kamera, zile nguo za chaguo la juu zilizo kama mpya. Wanafunzi hawana pesa za kamera. Wanasubiri mkono wa pili, wanainama kwenye lundo, wanavuta suruali kwa jicho la mtu anayejua nani katika darasa lake huvaa saizi gani. Yule rafiki yangu wa Kondele alikuwa akinunua nguo moja akiwa tayari anajua mlango atakaobisha. Akirudi chuoni anaifua, anaipiga pasi, anaipiga picha ukutani penye mwanga, anaiweka kwenye status ya WhatsApp. Nguo ina heri moja kubwa: huwezi kuila. Ikikosa mnunuzi leo, kesho bado ni nguo.

Wanaouza omena, wale dagaa wa Ziwa Victoria, hawana heri hiyo, ingawa omena zikikauka vizuri hukaa. Wanachukua gorogoro, kile kipimo cha kopo, moja moja sokoni Luanda au Kisumu, wanapima kwa kikombe, wanauza hosteli. Kuanzia Aprili hadi Julai uvuvi wa omena ziwani hufungwa ili samaki wazaane, na hapo gorogoro hupanda bei huku kikombe cha mwanafunzi hakiwezi kupanda, kwa sababu mnunuzi wake naye ana shilingi zile zile. Nilikuwa na jirani aliyepunguza kikombe. Alinunua kikombe kidogo zaidi, chenye umbo lile lile. Alinionyesha kwa uchungu, hakucheka, na wiki iliyofuata aliacha kuuza kabisa kwa sababu alisema hawezi kumwangalia mtu usoni.

Mimi nilisuka. Mama alinifundisha nikiwa mdogo, na nilipoona ndoo ya mayai ya rafiki yangu inavyokwenda niliamua kwamba mtaji wangu utakuwa kitu kisichoingia mdomoni. Mteja anakuja na rasta zake, mimi naleta chanuo, kioo na vidole. Matuta ya kawaida ni saa moja, moja na nusu. Rasta ndogo ndogo ni kuanzia asubuhi hadi jioni, na mara nyingi mteja mwenye moyo alikuwa akija na mandazi au chipsi tule pamoja, kwa hiyo siku ya kusuka ilikuwa siku ya kula. Biashara za mikono zote ziko hivyo: kusuka, kunyoa, kufua nguo za wenzako, kupiga chapa. Haziliwi usiku. Lakini zinakula mchana wa mtu. Kichwa cha rasta ndogo kilikuwa kinalingana na mihadhara mitatu. Ijumaa, wakati watu wanataka kwenda harusini na matangani wakiwa wamependeza, ndiyo siku ya pesa, na Ijumaa ndiyo siku tuliyokuwa na somo la takwimu. Wahadhiri wanaita majina. Mwalimu wa takwimu aliniambia mbele ya darasa, "Dada, wewe hili somo umelidharau," na sikuwa na namna ya kumweleza mbele ya watu mia mbili kwamba vidole vyangu vilikuwa kwenye kichwa cha mtu kwa sababu ya unga wa ugali.

Wapo waliochagua kazi ya usiku ili wasikose mihadhara, nayo ni kuwaandikia insha wanafunzi wa Marekani na Uingereza kupitia mtandao. Kwa miaka mingi hii ndiyo kazi iliyolipa kuliko zote hosteli nzima. Mtu alikuwa akinunua kitanda, friji, hata pikipiki. Nawajua walioifanya na siwezi kuwaita watu wabaya. Ila ni kazi ya kumsaidia mwenye shibe adanganye, na anayeifanya mwenyewe anafika darasani amesinzia. Uingereza ilipitisha sheria mwaka 2022 ya kuharamisha huduma hizo, kisha programu za akili mnemba zikaja zikaandika insha bure. Kazi ikanyauka. Waliokuwa wakiitegemea kwa kodi ya nyumba walirudi kwenye foleni moja na sisi.

Kuna njia nyingine ya kupata chakula ambayo haiitwi biashara, nami nitaitaja kwa sababu kuinyamazia ni kuwasaidia wanaofaidi. Wanaume wenye magari wanajua ni wiki gani HELB imechelewa. Wanakuja geti jioni. Anayewahukumu wale wasichana bila kuuliza walikula nini mchana, mimi simsikilizi. Nilisuka nywele za wasichana waliokuwa wakienda huko, na wengine walilia nikiwasuka. Unapozungumza juu ya njaa chuoni, zungumza na hili pia.

Halafu kuna askari. Chuoni kwetu ilikuwa marufuku kuuza hosteli, na nilielewa sababu za koili. Nyaya zinaungua, na moto kwenye jengo la vitanda mia tatu si mchezo. Lakini ndoo ya mayai yaliyochemshwa nje haina waya. Usiku mmoja waliichukua. Binti wa Busia aliambiwa aende ofisini asubuhi, akaenda, akaambiwa asubiri, akasubiri mpaka saa sita, akakosa mtihani mdogo wa asubuhi, na ndoo aliyorudishiwa ilikuwa tupu. Hakuna aliyeandika popote kwamba kulikuwa na mayai kumi na tisa. Hilo ndilo lililommaliza. Zile shilingi kumi kumi za kila usiku zilikuwa zimemchosha, ndoo ikamwangusha. Jambo ambalo sijalisamehe ni kwamba mwezi huo huo ukumbi wetu ulikuwa na bango kubwa la kongamano la ujasiriamali kwa vijana.

Kilichotuokoa sisi wa korido ile hakikuwa biashara, kilikuwa sufuria. Msichana mmoja wa Vihiga, wa mwaka wa nne, mtu mzima wa maneno machache, alituita tukiwa sita akasema, "Mnapika sufuria sita za njaa. Leteni tupike moja ya kushiba." Tukapanga chumba kidogo cha nje kiwe jikoni, jiko la makaa, sufuria ya kilo nne aliyoitoa kwao. Kila mtu alitoa kitu siku pesa zake zilipoingia, na kwa kuwa haziingii siku moja, sufuria haikukauka. Asiye na pesa alileta kazi: kuteka maji, kuosha vyombo, kwenda Luanda kununua maharagwe kwa gorogoro badala ya kwa kikombe. Kununua kwa gorogoro peke yake kulitupunguzia gharama kuliko biashara yoyote iliyowahi kutuingizia. Sharti lilikuwa moja, na alilisema bila kupepesa: hakuna mtu kutoka jioni kwenda kuuza kabla hajala.

Binti wa Busia alianza tena mayai baada ya miezi michache ya kula kwenye sufuria hiyo. Trei ile ile, shilingi zile zile. Sasa mayai matatu ya usiku yalirudi ndooni. Aliweza kusema "hapana" kwa mdeni wa tatu. Aliweza kusubiri bei ya Busia ishuke badala ya kununua leo kwa bei yoyote kwa sababu tumbo linadai leo. Kufikia mwaka wa mwisho alikuwa hauzi yai moja moja tena; aliwapelekea trei wenye vibanda nje ya geti, akiwa na watu wawili wa kumsaidia, na wote wawili aliwaleta kula kwetu. Alikuwa mtu yule yule, mwenye bidii ile ile aliyokuwa nayo alipofilisika.

Kwa hiyo nikisikia mtu wa serikali au wa chuo anauliza wafanye nini ili wanafunzi wajiajiri, ninayo ya kumwambia. Pesa za kujikimu ziingie wiki ya kufungua, si wiki ya saba. Vyuo vingi vina utaratibu wa kuwapa wanafunzi kazi za malipo maktabani, jikoni na shambani. Waupanue, walipe kwa wakati, na sehemu ya malipo iwe sahani ya mchana. Watenge mahali na saa za wanafunzi kuuza, penye taa na maji, na askari alinde mahali hapo. Na makundi ya sufuria, ambayo yapo kila hosteli bila jina, wayape chumba cha kupikia chenye usalama, maana wanayafukuza kwa sababu ya koili bila kuwapa pa kwenda.

Na wewe mzazi, au kaka, au shangazi unayesoma haya huku una mtoto chuoni: akikupigia akisema anataka elfu tatu za kuanzisha biashara, muulize kwanza amekula nini jana. Kama jibu linasita, usimtumie mtaji, tuma chakula. Debe la mahindi yaliyosagwa, kilo nne za maharagwe, mafuta lita moja. Kwetu matatu za kwenda Kisumu, Kakamega na Nakuru hubeba mizigo ya wanafunzi kila siku, na nauli ya kifurushi ni ndogo. Funga mafuta kwa mfuko wa pili yasimwagikie unga, andika jina lake na namba ya simu pande zote mbili za gunia kwa kalamu isiyofutika, chukua namba ya dereva umtumie mtoto, na umwambie awe steji kabla gari halijafika, maana makanga hawangoji.